Mishipi Mitatu ya Fimbo ya Mikono Miwili: Tathmini Kutoka Kiwira na Mufindi

Kwa misimu miwili ya kiangazi, kati ya Juni na Oktoba, nimevua trauti kwa fimbo ya mikono miwili katika sehemu za juu za mto Kiwira, wilayani Rungwe, na katika mabwawa ya mashamba ya chai kule Mufindi. Nimetumia mishipi mitatu niliyoinunua kwa fedha zangu: wa kwanza unaelea wote, wa pili ni mfupi na mzito, nao unaelea, lakini mbele yake hufungwa ncha inayozama, wa tatu unazama wote, kuanzia kitanzi cha mbele hadi mwisho wa kichwa chake, yaani ile sehemu yake nene na nzito. Nilipokuwa nikitafuta cha kununua sikupata hata aya moja ya Kiswahili iliyoeleza tofauti zake, na kutojua huko kulinigharimu shilingi 230,000 kabla sijamwona samaki hata mmoja. Hukumu yangu naitoa mapema ili asiye na muda asihangaike: kwa mito yetu, mshipi wa pili ndio wa kununuliwa kwanza, ule unaoelea wote unaweza kusubiri msimu mwingine, na ule unaozama wote ubaki bwawani.

Mishipi ya aina hii haikubuniwa kwa ajili yetu. Ilianza na samoni wa Scotland, na baadaye ikaendelezwa kwa ajili ya stilihedi wa magharibi mwa Amerika Kaskazini. Stilihedi si samaki wa ajabu. Ni trauti wa upinde wa mvua, yule yule tunayemfahamu, ila yeye huzaliwa mtoni, hushuka hadi bahari ya Pasifiki kunenepa, kisha huurudia mto kuzaa akiwa na kilo tatu au nne, na mara chache zaidi ya kumi. Mito anayoirudia mara nyingi ni mipana, maji yake ya majira ya baridi hukaribia kuganda, na samaki mwenyewe katika baridi hiyo hulala chini asitake kupanda kufuata chochote. Ndiyo maana wavuvi wake wana fimbo za futi 13 na mishipi ya kuzama. Wakati wa kiangazi chao, maji yakipata joto kidogo, samaki huyo huyo hupanda karibu na uso wa maji, nao hubadili na kufunga mshipi unaoelea. Trauti wetu, ambaye hana bahari ya kwenda, akifika nusu kilo amejitahidi.

Hata hivyo lipo jambo moja ambalo sisi na watu wa Scotland tunafanana: hatuna nafasi nyuma yetu. Mvuvi wa kawaida wa chambo cha manyoya huurusha mshipi nyuma, ukanyooka hewani, ndipo akaurudisha mbele. Ukisimama kwenye ukingo wa Kiwira, nyuma yako kuna migomba, au mianzi, au ukuta wa udongo wenye mizizi inayoning'inia, na chambo chako kitaishia huko. Mtindo uliopewa jina la mto Spey wa huko Scotland huuacha mshipi uguse maji kando ya mvuvi, ukajikunja kama tumbo nyuma ya bega lake, na papo hapo ukasukumwa mbele kwa mikono yote miwili. Mita chache za uwazi zinatosha. Kelele za mshipi kugusa maji ni sehemu ya kazi. Mwaka jana kijana mmoja mchunga ng'ombe alinitazama kwa muda mrefu kule Mufindi, akanisalimu kwa adabu, “Kamwene, mzee,” kisha akauliza maji yale yalikuwa yamenikosea nini hata niyachape kiasi kile. Nilimwitikia salamu, swali sikuwa na jibu lake, kwa sababu siku hiyo sikuwa nimepata hata samaki wa kumwonyesha.

Fimbo yangu ni ya futi 11, namba 4; namba hiyo huonyesha uzito wa mshipi ambao fimbo inaubeba. Mgeni mmoja niliyemsindikiza mtoni aliniachia kwa siku nzima fimbo yake ya futi 13, namba 7, ambayo kwao ni saizi ya kawaida ya stilihedi. Ilikuwa sawa na kukodi Fuso kubeba debe moja la viazi.

Kosa langu la shilingi 230,000 lilitokana na namba hiyo. Fimbo imeandikwa namba 4, nami nikaagiza mshipi unaoelea ulioandikwa namba 4, nikidhani nimemaliza kazi. Ulipofika niliuvalisha kwenye rili, nikaenda mtoni, nikaurusha, nao ukaanguka karibu na miguu yangu kama kamba ya kuanikia nguo iliyokatika. Fimbo haikupinda hata kidogo. Nilidhani mikono yangu ndiyo mibovu, nikaendelea kujifunza kwa wiki tatu, mpaka nilipoelewa kwamba namba za fimbo za mkono mmoja na namba za fimbo za mikono miwili zinafanana kwa sura, si kwa uzito. Kipimo cha kuaminika ni greni, uzito wa kale uliotokana na punje ya nafaka, ambapo greni 7,000 hufanya ratili moja na greni moja ni kama gramu 0.065. Katika mishipi ya mkono mmoja, namba 4 maana yake ni kwamba futi 30 za mbele zina greni 120. Namba 5 ni 140, namba 6 ni 160, namba 7 ni 185 na namba 8 ni 210. Fimbo yangu ya mikono miwili, ingawa nayo inaitwa namba 4, inataka kati ya greni 240 na 300 kutegemea mtindo wa kurusha. Nilikuwa nimeipa nusu tu ya mzigo wake. Ile namba 7 ya mgeni ilikuwa imebeba greni 525, wakati namba 7 ya mkono mmoja haifiki hata 200.

Kwa asiyejua umbile la mishipi hii, nieleze kwa ufupi. Ndani kabisa ya rili kuna uzi wa akiba, ambao huguswa tu samaki akikimbia mbali. Juu yake kuna uzi mwembamba wa nyuma, unaoteleza kupitia pete za fimbo wakati wa kurusha. Kisha kuna kichwa, ambacho ndicho kinene na kizito, na ndicho kinachoipinda fimbo. Uzito ulioandikwa kwenye boksi ni wa sehemu hii. Mbele ya kichwa hufungwa uzi wa mbele wa naili, au ncha ya kuzama na kisha naili, na mwisho chambo. Sehemu zote huunganishwa kwa vitanzi, kwa hiyo mtu anaweza kubadili kichwa kimoja na kuweka kingine kando ya mto kwa dakika tano bila kubadili rili.

Tangu kosa lile siamini maandishi ya kwenye boksi. Hapa Mbeya tuna bahati yetu: dhahabu ya Chunya imefanya mizani ya kupima sehemu ndogo za gramu iwe kitu cha kawaida mjini. Nilipeleka vichwa vyangu kwa sonara, nikamwomba anipimie, naye akaviweka kwenye mizani baada ya kuniuliza mara mbili kama nilikuwa nimetumwa na mtu. Kilichoandikwa greni 270 kilisoma gramu 17.6, ambazo ni kama greni 272. Kilichoandikwa greni 240 kilisoma gramu 15.5, yaani karibu kabisa na ahadi yake. Kwa upande wa uzito, basi, watengenezaji hawakunidanganya.

Nianze na mshipi unaoelea wote. Kichwa chake ni cha mtindo wa Skandinavia, greni 240, chenye urefu wa futi 29, nami nilikilipia shilingi 175,000. Kinaelea kwa sababu ganda lake la plastiki limechanganywa na viputo vidogo mno vya kioo vyenye uwazi ndani, visivyoonekana kwa macho, na kwa hiyo mshipi mzima ni mwepesi kuliko maji unayoyasukuma kando. Umbo lake limechongoka polepole kuelekea mbele, na nguvu ya kurusha inapofika mwishoni huwa imekwisha taratibu, hata chambo kikatua kama kimedondoshwa na upepo. Kinapenda uzi mrefu wa mbele, wa futi 12 hadi 14, kwa kuwa katika mtindo huu ni uzi huo na sehemu ndogo tu ya mshipi inayogusa maji kabla ya kusukumwa.

Mshipi huu ni wa Septemba na Oktoba. Wakati huo Kiwira imepungua, maji yameng'aa, na trauti humwona mtu kabla mtu hajamwona yeye. Jioni, wadudu wanapoanza kuruka juu ya maji na samaki wanapovunja uso wa kilindi, sijapata kitu kingine kinachofanya kazi nzuri kama hiki. Pia ndicho rahisi kuliko vyote kukirekebisha kikiwa majini: ukiona mkondo wa kati unakikokota chambo kwa kasi, unanyanyua ncha ya fimbo na kuupindua mshipi upande wa juu wa mto, nao unatii, kwa sababu wote uko juu ya maji na unauona.

Udhaifu wake unaonekana Juni, mara tu baada ya mvua za Rungwe kupungua. Mto bado una nguvu, rangi yake ni ya chai ya maziwa, na samaki wako chini nyuma ya mawe. Chambo kwenye mshipi unaoelea husafiri juu ya vichwa vyao kwa kina cha kiganja. Nilijaribu kuufungia uzi wa mbele uliopakwa plastiki nzito, wa futi 10, ambao huuzwa kwa ajili hiyo. Unasaidia kidogo, na kwa chambo kidogo unafaa, lakini ukifunga chambo kikubwa chenye kichwa cha shaba, umbo lile lililochongoka halina nguvu ya kukigeuza hewani. Chambo hudondoka katikati ya njia, na mara mbili kimenigonga mgongoni.

Mshipi wa pili unaitwa kwa jina la mto Skagit, katika jimbo la Washington, Marekani, ambako wavuvi wa stilihedi walikuwa na tatizo hilo hilo la vyambo vikubwa na maji mazito, wakaanza kukata mishipi mirefu na kuiunga upya hadi wakapata kichwa kifupi, kinene, kilichobeba uzito wake wote katika futi 20 hadi 25. Changu kina futi 20 na greni 270, na bei yake ilikuwa shilingi 180,000. Ukikitazama hakina uzuri wowote. Ni kama kipande cha bomba la maji. Lakini ukikifungia ncha ya kuzama na chambo kilicholowa, kinavibeba vyote kama mpagazi aliyezoea mlima. Tofauti na kile cha Skandinavia, hiki hakihitaji haraka: mshipi hutulia majini kwa muda kidogo, ncha ikashikwa na maji, na mshiko huo ndio unaoipinda fimbo. Mtu anayejifunza peke yake, bila mwalimu wa kumwonyesha, atapata matokeo siku ya pili au ya tatu. Kwa mtindo ule mwingine mimi nilihitaji mwezi.

Uamuzi mgumu hauko kwenye kichwa, uko kwenye ncha. Ncha hizi huandikwa T-8, T-11, T-14 na kuendelea, na namba hiyo ni greni kwa kila futi moja. Ndani ya ganda lake hakuna viputo vya kioo. Kuna unga wa tangisteni, metali nzito inayokaribiana na dhahabu kwa uzito wa ujazo. Ncha ya futi 10 ya T-8 ina greni 80, yaani gramu 5.2, ya T-11 ina greni 110, ya T-14 ina greni 140, ambazo ni gramu 9. Kasi ya kuzama hupimwa kwa inchi kwa sekunde: T-8 huzama kama inchi 6 hivi, na T-14 hukaribia 9.

Duka la mtandaoni la nje ya nchi nililoagiza kwake, ambalo sitalitaja, lilinishauri kwa uhakika mkubwa nichukue T-14, kwa maelezo kwamba ndiyo inayopendwa kwa stilihedi wa majira ya baridi. Sikuwa nimewaambia kwamba mto wangu una upana wa mita 12, nao hawakuuliza. Ncha ilifika, nikaifunga, na asubuhi ya kwanza nikapoteza vyambo saba. Kitanda cha Kiwira ni mawe ya volkano, yale yale yaliyofanya Daraja la Mungu, daraja la asili la mwamba juu ya mto huo, yenye mashimo na makali kila upande, na ncha nzito haipiti juu ya mawe ya namna hiyo. Inaingia katikati yake na kukaa. Isitoshe, ncha ya greni 140 mbele ya kichwa cha greni 270 ni mzigo uliozidi kwa fimbo namba 4. Nilihisi fimbo inalia. Nilipolalamika duka lilijibu kwa upole kwamba bidhaa iliyolowa hairudishwi.

Baada ya hapo nilikaa chini na kalamu. Chukua kilindi chenye kina cha mita moja na nusu, ambazo ni kama inchi 59, na mkondo unaokwenda mita moja kwa sekunde. Ncha inayozama inchi 6 kwa sekunde itafika chini baada ya takriban sekunde 10, na kwa muda huo mto utakuwa umeisafirisha mita 10. Inayozama inchi 9 itafika baada ya sekunde 6 na nusu, ikiwa imesafiri mita 6 na nusu. Hesabu hii ni ya karatasini, kwa kuwa mshipi ukikazwa na mkondo huinuka na hauzami tena kwa kasi hiyo. Lakini inaonyesha kwamba tofauti yote kati ya ncha nyepesi na ncha nzito, katika kilindi cha kawaida cha mto wetu, ni mita tatu na nusu za maji. Mita hizo nazipata bure kwa kupanda hatua nne juu ya mto kabla ya kurusha. Kwenye mto wa Washington wenye upana wa mita 60, ambako mvuvi hawezi kusimama popote apendapo, hoja hiyo isingesimama. Hapa kwetu inasimama.

Kwa hiyo msimu wa pili niliagiza T-8 ya futi 10 kwa shilingi 85,000, na hiyo ndiyo iliyonipatia karibu samaki wote wa Juni na Julai. Namna ya kuitumia inahitaji subira kidogo. Narusha moja kwa moja kuvuka mto, si kwa mshazari kuelekea chini ya mto, kisha mara moja naupindua mshipi upande wa juu na kuuachia uzi wa ziada, ili ncha izame ikiwa imelegea. Nahesabu hadi sita au saba, ndipo nauacha mkondo ukaze mshipi na kukivusha chambo polepole hadi upande wangu. Samaki hupiga wakati chambo kinapoanza kugeuka. Hapa ndipo ubora wa kichwa kinachoelea unapodhihirika: ncha imezama, lakini mpini wa kuiongozea uko juu ya maji, naweza kuuona, kuupindua, na mwishoni kuivuta ncha nzima hadi juu kwa mrusho mmoja mwepesi kabla ya kurusha tena. Uzi wa mbele uwe mfupi, futi tatu au nne tu. Ukiweka mrefu kama wa mshipi unaoelea, ncha itakuwa chini na chambo kitakuwa kimepanda juu, na fedha ya tangisteni itakuwa imepotea bure.

Kasoro za mshipi huu nisizifiche. Unatua kwa kishindo. Oktoba, maji yakiwa shwari, trauti wote wa kilindi hukimbia. Ufupi wa kichwa una maana kwamba ukivuta chambo karibu, kiungo cha kichwa na uzi wa nyuma huingia kwenye pete za fimbo na kugongagonga, jambo ambalo mikono iliyokufa ganzi kwa baridi huliona kama kero kubwa. Na kwenye maji ya chini ya goti hauna maana hata ukiwa na ncha nyepesi kuliko zote.

Mshipi wa tatu, unaozama wote, ulinigharimu shilingi 260,000, na ni mzuri mahali pasipo na mkondo. Kwenye mto niliutumia siku mbili tu nikauweka kando. Ukishatua hauonekani wala haurekebishiki. Mkondo wa kati unaushika tumboni na kuukokota upendavyo, nawe huna la kufanya ila kutazama. Kuuinua kabla ya kurusha tena ni kazi ya kuvuta karibu mshipi wote, kuupandisha juu ya maji kwa mrusho mmoja au miwili ya kujiandaa, na ndipo kurusha kwa kweli. Wavuvi wa stilihedi wenyewe wengi wanapendelea ncha za kubadilisha kwa sababu hizo hizo.

Bwawani, lakini, mambo hubadilika. Ukisimama juu ya ukuta wa bwawa la shamba la chai, nyuma yako kuna uwazi, unaweza kurusha juu ya kichwa kwa mikono miwili na kufika mbali kuliko mtu yeyote wa mkono mmoja. Wangu huzama inchi 3 kwa sekunde, kwa hiyo nikihesabu hadi 20 chambo kiko kwenye inchi 60, yaani mita moja na nusu; nikihesabu hadi 40 kiko mita tatu. Nikipata samaki kwenye hesabu ya 30, narudia 30, na mara nyingi wa pili hupatikana hapo hapo. Mshipi wote ukiwa kwenye kina kimoja, chambo huvutwa kwa usawa badala ya kupanda kuelekea juu, na kwa kazi hiyo hauna mpinzani kati ya mishipi yangu. Asiye na bwawa karibu asiununue.

Kuhusu uzi wa nyuma sina mengi. Naili tupu hukimbia mbali zaidi, lakini asubuhi za Julai kule Mufindi, penye sakitu juu ya majani ya chai, hujikunja kama chemchemi ya saa na kunifunga vifundo. Ni lazima kuinyoosha kwa mikono kabla ya kuanza. Uliopakwa plastiki unashikika vizuri kwa vidole vya baridi, na kwa umbali wa mito yetu sioni sababu ya kuutafuta mwingine.

Utunzaji ni mdogo ila usipuuzwe. Mshipi unaoelea ukianza kuzama nchani, mara nyingi haujaharibika, umechafuka. Maji ya uvuguvugu, sabuni laini na kitambaa vinaurudisha. Kinachoua kweli ni dawa ya kufukuza mbu yenye kemikali ya DEET, ambayo huyeyusha ganda la plastiki. Ukijipaka, nawa mikono kabla ya kushika mshipi. Kuna watengenezaji, kama Airflo wa Wales, wanaotumia plastiki ya polyurethane badala ya ile ya PVC, nayo huvumilia zaidi, lakini mimi naendelea kunawa.

Hapa Mbeya sijaona duka linalouza mishipi hii. Wauzaji wa zana za uvuvi sokoni Mwanjelwa wana naili, ndoana, maboya na chubwi kwa ajili ya wavuvi wa Ziwa Nyasa, na uzi wa mbele mzito nimeununua kwao kwa bei isiyolinganishwa na ya nje. Vichwa na ncha itabidi uagize, na unapoagiza usitaje namba ya fimbo peke yake. Taja urefu wa fimbo, taja kwamba ni ya mikono miwili, uliza uzito wa kichwa kwa greni, na ueleze upana na kina cha mto wako hata kama hujaulizwa. Leseni ya kuvua iulizie katika ofisi ya uvuvi ya halmashauri kabla ya kwenda mtoni, na kwenye mabwawa ya mashamba omba ruhusa ya mwenye shamba.

Ile ncha ya T-14 iliyokataliwa kurudi sikuitupa. Niliikata katikati kwa wembe, nikaitia vitanzi vipya kwa uzi na gundi, na sonara akanisomea gramu 4.5 kwa kila nusu, ambazo ni greni 70. Futi tano za kuzama kwa kasi kubwa, nyepesi kuliko T-8 nzima: inaingia vizuri kwenye vile vilindi vifupi vya chini ya maporomoko, ambako kuna mita nne tu za kufanyia kazi, na mwaka huu imenasa mara mbili tu. Nusu ya pili nimempa yule mgeni mwenye fimbo ya futi 13.